Kabla ya Kumwinua Majeruhi

Ajali ya bodaboda inapotokea Mbagala, Buguruni au kwenye njia yoyote yenye watu, msaada haukawii. Vumbi halijatua, vijana wa kijiwe cha jirani wamekwisha fika, mama lishe ameacha sufuria jikoni, na sauti inasikika ikiagiza, "Mnyanyueni, mnyanyueni!" Mmoja anamshika kwapani, mwingine anashika miguu, majeruhi anapiga ukelele ambao kila mtu anauona kuwa sehemu ya lazima ya ajali, kisha anapakizwa mshikaki juu ya pikipiki nyingine, akibanwa katikati ya dereva na msamaria wa nyuma, huku mguu wake uliovunjika ukining'inia na kugongagonga kila gurudumu linapoingia shimoni. Nimelishuhudia jambo hilo zaidi ya mara moja, na kila mara nilichokiona kwa watu wale kilikuwa huruma ya kweli. Huruma hiyo ndiyo inayonifanya niandike, kwa sababu ni rasilimali tuliyo nayo kwa wingi na tumeiacha bila maarifa.

Kwa miaka mingi nguvu za nchi zimeelekezwa mwisho wa safari ya majeruhi huyo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996. Hospitali za kanda, kama KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza, zina madaktari bingwa wa mifupa. Vyuma vya SIGN, vilivyobuniwa na shirika lenye makao yake Richland katika jimbo la Washington nchini Marekani ili viweze kupachikwa ndani ya mfupa wa paja au muundi hata pale ambapo chumba cha upasuaji hakina mashine ya eksirei, vimewasimamisha wagonjwa ambao zamani wangelala wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito. Hayo ni mafanikio yanayostahili heshima. Lakini daktari wa upasuaji hupokea kiungo kama kilivyoletwa. Ikiwa mshipa mkubwa wa damu umechanwa na ncha ya mfupa njiani, au mfupa uliokuwa ndani ya ngozi umetokeza nje kwenye tuta la tatu, kazi yake inageuka kuwa nyingine kabisa, ngumu zaidi, ya gharama zaidi na yenye matumaini madogo zaidi. Ninashikilia kwamba sehemu ya ulemavu tunaoubebesha ajali hutokea baada ya ajali, katika ile nusu saa ya kuinuana na kusafirishana, na kwamba sehemu hiyo ndiyo inayozuilika kwa gharama ndogo kuliko zote.

Ili hoja hii ieleweke ni lazima tuangalie kinachotokea ndani ya nyama. Mfupa wa paja ndio mrefu na imara kuliko yote mwilini, na umezungukwa na misuli yenye nguvu nyingi. Unapovunjika, misuli hiyo hujikaza na kuvuta vipande vipitane, ncha zikachoma nyama pamoja na mishipa ya damu na ya fahamu. Mtu mzima ana damu ipatayo lita tano. Anaweza kupoteza lita moja hadi moja na nusu ndani ya paja moja bila tone kuonekana chini, na ndiyo maana ndugu husimulia kwa mshangao kwamba mgonjwa alikuwa akiongea vizuri tu, kisha akazimia njiani. Kila mguu unapotikisika, ncha hukata upya, na donge la damu lililokuwa limeanza kuziba hubanduka. Muundi una hatari yake nyingine, kwa kuwa upande wake wa mbele umefunikwa na ngozi peke yake, hivyo kumburuta mtu kwa miguu kunatosha kuifanya ncha itoboe. Mfupa uliovunjika ukabaki ndani ya ngozi ni jambo moja; uliogusana na udongo wa barabarani ni jambo jingine, kwa maana vijidudu vikishaingia ndani ya mfupa vinaweza kukaa humo miezi na hata miaka, kidonda kikitoa usaha, kikifunga na kufunguka tena, na mtu akirudi mezani kwa daktari mara kwa mara hadi pengine mguu ukakatwa.

Tiba ya hali hiyo kando ya barabara ni moja, na haina utaalamu wa kutisha: kiungo kisitikisike. Historia ya jambo hili inafundisha sana. Hugh Owen Thomas, aliyezaliwa Wales mwaka 1834 na kufanya kazi Liverpool hadi alipofariki mwaka 1891, alibuni gango la chuma lenye duara la kukaa kwenye nyonga na fito mbili za kushuka hadi chini ya unyayo, likiunyoosha mguu na kuushikilia mahali pamoja. Madaktari wenzake hawakulijali sana. Ilipofika Vita Kuu ya Kwanza, mpwa wake, Robert Jones, ndiye aliyelisukuma lifike medani. Takwimu inayorudiwa mara nyingi ni kwamba kati ya askari waliovunjika paja kwa risasi walikuwa wakifa asilimia 80, na kwamba gango hilo lilipoenea vifo vikashuka hadi karibu asilimia 20. Namba ya kwanza imebishaniwa, lakini mwelekeo wenyewe haukanushiki. Kilichonivutia mimi zaidi ni kwamba wabeba machela, watu wasio madaktari, walifundishwa kulifunga gango hilo mpaka wakaweza kulifunga wakiwa wamezibwa macho, kwa sababu kazi ingefanyika gizani, kwenye matope, na mizinga ikilia. Kilichookoa maisha kilikuwa chuma kile pamoja na uamuzi wa kuwakabidhi ujuzi wale waliofika kwanza.

Sisi hatuhitaji chuma cha Liverpool ili kufanya vivyo hivyo. Boksi la katoni lililokunjwa mara mbili, ubao wa kitanda, jamvi lililoviringishwa, mto wa kulalia, hata mguu mzima wa majeruhi mwenyewe, vyote hufanya kazi ya gango. Kanuni ni kwamba gango livuke kiungo cha juu na kiungo cha chini ya mahali palipovunjika, kwani muundi uliovunjika hautulii ikiwa goti na kifundo cha mguu viko huru. Nafasi tupu kati ya mwili na gango hujazwa nguo, mafundo ya kitambaa hufungwa mbali na jeraha, na kiungo hufungwa kikiwa katika hali kilivyokutwa, bila mtu kujaribu kukinyoosha ili kipendeze macho. Mkono huwekwa kifuani na kushikiliwa kwa kanga iliyokunjwa pembe tatu na kufungwa shingoni, na kanga ya pili huzungushwa mwilini ili mkono usiyumbe. Pete na bangili hutolewa mapema, kwa sababu saa moja baadaye uvimbe hautaruhusu. Kabla ya kufunga na baada ya kufunga, anayesaidia hugusa vidole vya mkono au mguu ule: Vina joto? Mgonjwa anahisi anapoguswa? Anaweza kuvichezesha? Ukucha ukibonyezwa, wekundu wake unarudi ndani ya sekunde mbili? Vikiwa vya baridi au vimekufa ganzi baada ya kufungwa, fundo limekazwa mno na lazima lilegezwe papo hapo. Ukaguzi huu wa vidole ndio ninaoupa uzito kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu nitakayoyasema baadaye kuhusu waganga wa mifupa yanasimama juu yake.

Yapo mambo yanayotangulia mfupa. Damu inayotiririka huzuiwa kwanza kwa kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi; mfupa uliotokeza haurudishwi ndani wala haupakwi majivu, kahawa au dawa ya meno, bali hufunikwa tu na kukandamizwa pembeni. Anayelalamika shingo au mgongo, au asiyehisi miguu yake, haketishwi na hapakizwi mshikaki kwa vyovyote vile, bali hugeuzwa na watu kadhaa kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikienda kama gogo moja. Nyonga iliyopondeka inaweza kumwaga damu nyingi kuliko paja. Kanga pana iliyokazwa kuzunguka makalio, usawa wa vichwa vya mapaja na si kiunoni, husaidia kuibana. Na soda au maji ambayo watu humpa majeruhi kwa wema yasubiri, kwa kuwa huenda saa chache baadaye atahitaji dawa ya usingizi.

Mazoea ya pili yanayoniumiza hutokea nyumbani, na yana jina la upole: kuchua. Mtoto ameanguka kutoka juu ya mwembe, kiwiko kimevimba, na bibi anachemsha maji ya chumvi, anachovya kitambaa, anakanda, kisha anachua kwa mafuta huku akivuta mkono "urudi mahali pake". Hakuna mwenye nia mbaya katika chumba hicho. Lakini kiwiko cha mtoto ni miongoni mwa sehemu zinazolipiza vibaya. Mfupa wa juu ya kiwiko ukivunjika, mshipa mkubwa wa damu ya mkono hupita mbele yake kabisa. Ukibanwa na uvimbe au ncha ya mfupa, misuli iliyo kati ya kiwiko na kiganja hukosa damu, na ndani ya saa sita hivi huanza kufa. Baada ya miezi kadhaa vidole hujikunja kama kucha za ndege na havinyooki tena. Isitoshe, kuchua kiwiko kilichoumia kunaweza kuifanya misuli iliyochanika iote mfupa ndani yake, kiwiko kikakakamaa daima kwa jeraha ambalo lingeachwa limetulia lingepona. Mifupa ya watoto pia hupinda na kupasuka upande mmoja kama kijiti kibichi, hivyo mtoto anaweza kuuchezesha mkono uliovunjika, na watu wazima wakahitimisha kwamba "umeteguka tu".

Neno hilo, kuteguka, ndilo linalotupoteza. Katika mazungumzo yetu linabeba mambo matatu tofauti: kano zilizochanika, kiungo kilichochomoka, na wakati mwingine mfupa uliovunjika ambao haujatambuliwa. Kwa kuwa jina ni moja, tiba nayo inakuwa moja, yaani kuvuta na kuchua. Bega lililochomoka uwanjani huvutwa na kocha au mchezaji mwenzake mbele ya watazamaji, ilhali mshipa wa fahamu unaozunguka shingo ya mfupa wa mkono uko hapohapo, na mara nyingine kichwa cha mfupa kimepasuka na kuvuta kunakitenganisha. Bega kama hilo lifungwe kwa kanga jinsi mgonjwa mwenyewe anavyolishikilia, na lirudishwe na aliyefunzwa, baada ya picha. Kifundo cha mguu kilichopinda nacho kina kipimo rahisi kilichotoka Ottawa, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambacho mhudumu wa afya wa zahanati anaweza kukitumia bila mashine yoyote: mtu asiyeweza kupiga hatua nne, au anayeumia mfupa unapobonyezwa nyuma au kwenye ncha ya kifundo upande wowote, apelekwe eksirei, asiye na dalili hizo hakuna uwezekano mkubwa kwamba amevunjika. Kipimo hicho ni cha watu wazima walio na fahamu timamu na wasiolewa, na ndani ya mipaka hiyo kimeokoa fedha na muda mwingi.

Kwa kano zilizochanika kweli, ushauri umebadilika, na ni haki kusema hivyo wazi. Mwaka 1978 daktari Mmarekani Gabe Mirkin aliasisi fomula iliyoenea duniani ya kupumzisha, kuweka barafu, kufunga bandeji ya kubana na kuinua kiungo. Miaka mingi baadaye yeye mwenyewe aliandika kwamba barafu nyingi na mapumziko marefu huenda vikachelewesha uponyaji, kwa kuwa uvimbe wa awali ni sehemu ya kazi ya mwili ya kujikarabati. Leo wataalamu wengi huelekeza kwamba ubaridi utumike kupunguza maumivu siku ya kwanza au ya pili, dakika 10 hadi 20 kwa mara moja na kitambaa kikiwa katikati ya barafu na ngozi, bandeji na kuinua mguu viendelee, na baada ya siku mbili tatu mtu aanze kukichezesha na kukikanyagia kiungo kidogokidogo kadiri maumivu yanavyoruhusu. Lililobaki palepale katika mabadiliko yote ni kwamba maji ya moto na kuchua havina nafasi katika siku za mwanzo, kwa sababu huvuta damu zaidi mahali ambapo mishipa midogo imepasuka. Bibi mwenye maji ya moto hajakosea dawa milele. Baada ya siku kadhaa, misuli iliyokakamaa hupata nafuu kwa joto. Amekosea siku.

Hapa ndipo wengi wa wanataaluma humgeukia mganga wa mifupa na kumfanya mshitakiwa mkuu. Sikubaliani nao kikamilifu. Ni kweli kwamba wadi za mifupa hupokea wagonjwa ambao vijiti na kamba za mganga zilikazwa siku nzima juu ya uvimbe unaoendelea kukua, mpaka vidole vikawa vyeusi na mkono ukakatwa, na hakuna maneno ya kistaarabu yanayoweza kulipunguza janga hilo. Lakini tukimwuliza mgonjwa kwa nini alikwenda huko, atatueleza mambo ambayo si ujinga: nauli ya kwenda wilayani, gharama ya chuma cha kuwekewa, siku za kusubiri kitanda, hofu kwamba hospitali hukata, na mganga anayekubali kulipwa baada ya mavuno. Wengine walianzia hospitali, wakafungwa hogo, yaani plasta ngumu, wakaambiwa warudi baada ya wiki sita bila kuelezwa kinachoendelea ndani yake, wakalikata nyumbani kwa kisu. Hugh Owen Thomas ninayemsifu hapo juu alikuwa mtoto wa mwunga mifupa wa kienyeji. Baba yake, Evan Thomas, hakuwa daktari, na ujuzi wa ukoo ule ndio uliomfanya mtoto aelewe thamani ya kukituliza kiungo. Nchini Ethiopia, waunga mifupa wa kienyeji walipopewa mafunzo ya siku moja tu kuhusu dalili za kiungo kinachokosa damu na namna ya kufunga bila kukaza, idadi ya wagonjwa waliokatwa viungo kwa sababu hiyo ilipungua. Siku moja, kwa watu ambao jamii tayari inawaendea, iliwapa watu mikono yao. Mganga anayejua kukagua vidole, na anayejua kwamba mfupa uliotoboa ngozi si kazi yake, ni mshirika. Anayedharauliwa na kufichwa ataendelea kufunga gizani.

Kipo pia kizuizi kisicho cha kitabibu. Wapita njia wengi, na hata baadhi ya madereva, huamini kwamba majeruhi lazima apitishwe kituo cha polisi kuchukua fomu ya PF3 kabla ya kutibiwa, na wapo wanaoogopa kumgusa kwa kuwaza kwamba wataitwa mashahidi au washukiwa. Fomu ina umuhimu wake kisheria, lakini mguu unaovuja damu ndani hauwezi kusubiri muhuri, na karatasi inaweza kumfuata mgonjwa akiwa kitandani. Majirani zetu wa Kenya waliandika katika ibara ya 43 ya Katiba yao ya mwaka 2010 kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Ningependa kuona maneno ya namna hiyo yakibandikwa kwenye mlango wa kila kituo chetu cha afya na cha polisi, kwa herufi ambazo mwendesha bodaboda ataweza kuzisoma akiwa barabarani.

Kwani ni yeye, mwishowe, ninayemzungumzia. Magari ya wagonjwa ni machache na hatutayapata ya kutosha mwaka kesho. Anayefika kwanza ni bodaboda, na mara nyingi majeruhi naye ni bodaboda. Kampala walikwisha kujaribu njia hii: polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa, zaidi ya watu 300, walifunzwa huduma ya kwanza, na baada ya miezi wengi wao walikuwa wametumia ujuzi huo kwa majeruhi halisi. Sisi wenyewe tuna mfano wa karibu zaidi katika mfumo wa m-mama, ambao humsafirisha mama mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura kwa kutumia dereva wa kawaida aliyesajiliwa pale gari la wagonjwa linapokosekana. Kama tuliweza kumwamini dereva wa kijijini na uzazi, sioni sababu ya kutomwamini na mguu.

Nimesikia pingamizi kwamba asiye mtaalamu atafanya madhara zaidi, na ninalichukulia kwa uzito unaostahili. Lingekuwa na nguvu kama leo hakuna anayegusa. Lakini wanagusa kila siku, wanainua, wanavuta, wanapakiza mshikaki. Swali lililopo mbele yetu ni mikono hiyohiyo iguse namna gani. Kwa hiyo sharti la leseni ya kubeba abiria lisiishie kwenye alama za barabarani. Liongezewe siku moja ya mafunzo kwa vitendo, ambayo Msalaba Mwekundu na hospitali za wilaya wana uwezo wa kuyatoa, na yarudiwe kila leseni inapohuishwa, maana ujuzi usiotumika husahaulika. Mafunzo yafanyike kijiweni, kwa Kiswahili cha kijiweni, juu ya mguu wa mwenzao aliyelala chini, mpaka kila mmoja aweze kufunga gango na kukagua vidole bila kuuliza. Na aliyefungwa vizuri asafirishwe amelala, kwa bajaji, guta, gari dogo la mizigo au chochote chenye sakafu. Pikipiki iende mbele kusafisha njia.

Kijiwe chenye pikipiki ishirini kinahitaji mbao nne zilizorandwa na kuviringishiwa matambara, katoni chache zilizokunjwa, kanga kuukuu sita zilizofuliwa, bandeji za kubana, glavu, na vijana wawili wa zamu wanaojulikana kwa majina. Vyote hivyo, isipokuwa vijana, vinaenea chini ya benchi wanalokalia wakisubiri abiria.